Mkono wa Kushoto wa Namba Tatu

Siku yangu ya kwanza kazini sikushika chuma. Nilishikwa shingo.

Kilikuwa kiwanda cha kusubu chuma mjini Birmingham, mwishoni mwa miaka ya sitini. Nilikuwa nimeshuka meli Liverpool miezi mitatu kabla, kwa kuichoka bahari, kama nilivyoichoka bandari ya Mombasa kabla yake, na mashamba ya mkonge ya kwetu Voi kabla ya bandari. Nilisimama langoni na barua ya kuomba kazi, niliyoiandika kwa Kiingereza changu chote cha kidato cha nne. Msimamizi, Bwana Hodge, hakuifungua. Alinipima mabega kwa macho, akaniweka viganja viwili shingoni, akaminya.

"Umewahi kucheza raga?"

"Hapana, bwana."

"Vizuri. Huna makosa ya kusahau. Kazi Jumatatu. Jumamosi uwanjani."

Nawaandikia ninyi vijana mnaosukuma mstari wa mbele wa klabu yetu, ambao mwezi uliopita mlinipokonya filimbi ya ukocha kwa keki na hotuba ndefu. Nina miaka arobaini na saba na mnaniita mstaafu. Haya basi, someni habari za mstaafu. Kwenye karatasi za kiwanda nilikuwa mmiminaji wa chuma. Lakini kila mtu pale, kuanzia bawabu, alijua kwamba niliajiriwa kwa ajili ya Jumamosi. Timu ya kiwanda ilikuwa fahari ya Bwana Hodge, na aliyeacha kuifaa timu hakukaa sana kwenye tanuri. Niliwahi kumwona mchezaji mmoja aliyeharibika goti. Kwa wiki mbili alifagia ua, na wiki ya tatu ufagio ulikuwa umeegemezwa ukutani peke yake.

Kwa mama na wake zenu watakaosoma hili, nieleze kidogo. Skramu ni watu wanane wa huku na wanane wa kule, wameinama na kufungamana, vichwa vya mstari wa mbele vimeingiliana na vya wapinzani, na mpira unatupwa katikati. Mbele wako watatu. Wa kati anaitwa huka, kazi yake kuuvuta mpira kwa mguu. Kushoto na kulia kwake wapo mapropu wawili, ndizo nguzo zake, na huka ametandaza mikono yake yote juu ya mabega yao. Skramu ikiporomoka, sisi wengine tuna angalau mkono mmoja wa kujikinga. Yeye hana. Anashuka kwa uso, na uzito wote unamfuata shingoni.

Nilivaa namba tatu, propu wa kulia. Mkono wangu wa kulia ulikuwa wa kupambana na adui. Wa kushoto ulikuwa wa huka.

Aliyenifundisha ni Walter, propu wa kushoto, mzee wa tanuri aliyekuwa na umri wa miaka arobaini na mmoja na masikio yaliyovimba mpaka hayakuwa na umbo. Watu wa Birmingham huitana "bab" kwa upendo, hata mwanamume kwa mwanamume, na Walter alikuwa akinitukana na kuniita bab katika sentensi moja. Nyuma ya chumba cha kalibu tulikuwa na mtambo wetu, fremu ya mbao juu ya vyuma viwili vya kuteleza, imepakiwa vipande vya chuma ghafi. Saa ya chakula, wenzetu walipokula mikate yao, sisi tulisukuma.

"Mgongo, bab! Nataka niweke chai yangu hapo isimwagike." Na kweli aliweka kikombe juu ya mgongo wangu. Kilimwagika wiki tatu mfululizo. Nina alama bado.

Alinifundisha kutazama juu ninapoinama, maana anayetazama chini ameshaanza kuanguka. Alinifundisha kupaka mafuta ya mgando usoni na kufunga masikio kwa utepe. Lakini somo lake kubwa lilikuwa dogo kwa macho. Kabla ya kila skramu, huka anagonga kwa vidole mara mbili kwenye mbavu za kila propu. Maana yake, uko tayari? Propu anajibu kwa kuminya mara mbili pale alipomshika kiunoni. Bila jibu, huka hashuki, hata refa apige kelele vipi.

"Unaweza kumdanganya mkeo," Walter alisema. "Unaweza kumdanganya Hodge, na nakushauri. Mkono huu usidanganye."

Mechi yangu ya kwanza nilikutana na mchimba makaa ambaye hakunyoa ndevu siku tatu makusudi, apate kunichubua shavu. Tulipoingiliana vichwa akaninong'oneza, "Kwenu joto, eh? Huku si baridi kwako?"

"Huku chini pana joto, bwana. Karibu ndani."

Huka wetu alicheka mpaka mpira ukatupita. Baadaye Walter alinigombeza, kwamba maneno hayasukumi. Yule mchimba makaa alinifundisha mengi jioni ile, kwa kidevu, kwa kiwiko, na mara moja kwa meno. Nililala kifudifudi siku mbili. Jumatatu nikawa kwenye tanuri, nikajiona mtu mwenye kazi mbili na mwili wa moja.

Misimu ilipita hivyo. Nisiwachoshe na alama za mechi. Nilijifunza kujua kwa mlio wa pumzi nani amechoka, na kwa namna mtu anavyopanga njumu zake kwenye matope kama atasukuma au atavuta chini. Kila Aprili nilisema nitaondoka, nitafute mji mwingine, na kila Septemba Walter alinikuta nikipaka mafuta njumu. Miaka ya sabini ilipoanza, magoti yake yalimwisha. Aliondoka bila sherehe. Alinikabidhi chupa yake ya dawa ya kuchua, robo imebaki, akaniambia, "Sasa Tommy ni wako."

Tommy Bell ndiye aliyekuwa huka, fundi umeme wa kiwanda, mfupi, mwepesi, msemaji kupita kiasi. Alikaa ghorofa ya tisa kule Ladywood na kila lifti ilipoharibika tulisikia habari zake hadi Alhamisi. Alisimulia vichekesho akiwa ameinama ndani ya skramu, na mara nyingi tulisukumwa kabla hajafika mwisho. Alikuwa mwenyeji wa kwanza katika mji ule kunialika nyumbani kwake kula. Mimi nikamshika kiuno kila Jumamosi kwa misimu sita. Sijui ndugu yangu yeyote niliyemshika kiasi hicho.

Halafu ikaja Novemba ya msimu wa sita. Skramu ya kawaida, tope la kawaida. Kichwa changu kilisukumwa pembeni, na moto ukashuka kutoka shingoni, ukapita begani, ukatokea kwenye vidole vya mkono wa kushoto. Kila propu anaujua moto huo. Unautikisa mkono, unatukana, unapita. Ulipita. Wiki mbili baadaye ukarudi, ukakaa mpaka Jumatatu. Mwezi wa kwanza, msimu ule ule ambao umeme ulikuwa ukikatwa na tukivaa nguo kwa mshumaa, vidole vitatu vilikuwa vimekufa kabisa.

Nilinyamaza. Niliukumbuka ule ufagio ukutani. Nikabuni hila, nilipitisha mkono ndani ya mshipi wa bukta ya Tommy na kuuzungusha, ili vidole vikiachia, nguo inikamate. Tommy alipogonga mara mbili, nilijibu kwa kusukuma kiganja kwa nguvu ya bega. Yeye alihisi mbano mara mbili. Mimi sikuhisi kitu. Nilijivunia hila ile, nawaambia ukweli. Nilijiona fundi.

Nilikuwa nikipanga chumba Alum Rock, juu ya duka la vyakula la familia ya Kizanzibari. Chumba cha chini, nyuma ya duka, alikaa Wairimu, nesi kutoka Murang'a, na Jumapili tulikuwa tukipika ugali pamoja, wa semolina kwa kuwa unga wa mahindi haukupatikana. Jumapili moja nilikuwa nimeshikilia sufuria, yeye akisonga, tukibishana kama ugali wa semolina ni ugali. Ghafla akatupa mwiko.

"Mwakio! Mkono!"

Nikatazama. Vidole vyangu vya kushoto vilikuwa vimelala kwenye ukingo wa sufuria ya moto, na ngozi ilikuwa imeshaanza kunuka.

Aliniburuta hadi kwenye bomba. Maji yalipokuwa yakitiririka alivigeuza vidole vyangu kimoja kimoja.

"Tangu lini?"

"Ni baridi tu, dada."

"Baridi? Sufuria inachemka, wewe unaniambia baridi?" Alichomoa pini kwenye kola ya sare yake. "Funga macho. Nikikuchoma sema. Hapa?"

"Naam."

"Sijakugusa."

Nikafumbua macho. Alikuwa ameiinua pini hewani.

"Mishipa ya shingoni hiyo," alisema. "Na yule mnayembeba katikati, anajua?"

"Kwani lazima ajue kila kitu?"

"Usinijibu swali kwa swali, mimi si refa wako. Sikiliza. Wodini kwetu kuna kijana namlisha kwa kijiko. Namgeuza kila saa mbili kama mtoto mchanga. Hakuanguka kutoka ghorofani, Mwakio. Ni mchezo huu huu wenu." Aliurudisha mwiko kwenye sufuria. Ugali ulikuwa umeungua. "Umwambie Tommy kabla ya Jumamosi. Usipomwambia, nitamwambia mimi."

"Hujui anakokaa."

"Ladywood ina maghorofa mangapi? Nitapiga hodi moja moja."

Wiki ile nilimtafuta Tommy mara tatu. Jumanne alikuwa juu ya ngazi ndani ya nyaya, na mtu hamwambii mwenzake habari ya namna hiyo akiwa ameshika nyaya. Jumatano nilijiambia mkono una nafuu. Ijumaa saa ya chakula nilikaa naye kabisa.

"Tommy, kuna jambo."

"Kama ni kuhusu mechi ya kesho, najua. Hodge ameahidi wakubwa wa kiwanda tutashinda. Wanakuja na wake zao. Tukifungwa atatuyeyusha, mimi na wewe, bab, atufanye mifuniko ya mitaro." Akauma mkate. "Ulikuwa unasema?"

"Basi tu."

Mechi ilikuwa Sutton Coldfield, upande wa watu wenye nafasi, na timu ile sitaitaja. Uwanja wao ulikuwa na nyasi kama zulia, na magari yamepangwa kandokando ya kamba. Mvua ilianza tulipokuwa tukijifunga utepe. Wapinzani walikuwa mawakili na walimu, na msidanganyike, hakuna asukumaye kwa chuki kama wakili.

Kipindi cha kwanza niliweza. Kila skramu niliuzungusha mkono kwenye mshipi wa Tommy, nikajibu uongo wangu, tukashuka. Mara moja Tommy akageuza kichwa kidogo. "Unabana kama bibi kizee leo," akasema, na tukagongana kabla sijajibu.

Kipindi cha pili, katikati ya uwanja, tuliporomoka. Nilihisi uzito ukiegemea kushoto, kisha kushoto pakawa hapana kitu. Tommy alishuka kwa paji la uso, na mtu wao akamwangukia. Filimbi. Watu wakainuka mmoja mmoja. Tommy alibaki chini kwa muda ambao mpaka leo siwezi kuupima, kisha akajisukuma kwa magoti, amejaa tope machoni.

"Mack, ulikuwa wapi?" Ndivyo walivyoniita kiwandani, Mwakio liliwashinda.

"Tope," nilisema. "Nimeteleza."

Alinipiga begani, kunisamehe, akarudi mahali pake. Hilo pigo la begani ndilo lililonivunja. Hadi hapo mkono wangu ulikuwa ukidanganya peke yake. Sasa na mdomo nao.

Tulikuwa tunaongoza kwa pointi mbili. Zilipobaki dakika nne, wakapata skramu yadi tano kutoka mstari wetu wa goli. Mpira ulikuwa wao, na wote wanane walikuwa na nguvu ya watu wanaoliona goli. Bwana Hodge alikuwa kwenye kamba na wakubwa wake chini ya miavuli. Tulijifunga. Wale kule wakainama, nikaona propu wao akichimba njumu zake, moja, mbili, nikajua kwamba hii watasukuma kwa vyote walivyo navyo.

Tommy akagonga. Mara mbili.

Nikasukuma bega nijibu. Na katika kuangalia chini, jambo ambalo Walter alinikataza, nikauona mkono wangu. Haukuwa ndani ya mshipi. Ulikuwa unaning'inia nje ya jezi yake, umefunguka, mvua ikitiririka kwenye vidole. Sikuwa nimejua kwamba umeachia.

Vidole vya Tommy vikagonga tena.

Nilisimama wima.

Refa akapuliza filimbi. "Namba tatu! Inama!"

"Inama, Mack!" Hodge aliita kutoka kwenye kamba. "Unafanya nini?"

Tommy aliinuka akanitazama. "Kuna nini?"

"Siuhisi mkono."

"Sasa hivi?"

Nilikuwa na nafasi ya kusema ndiyo. Ilikuwa wazi kama mlango. "Tangu Novemba," nilisema.

Alishusha macho hadi kwenye vidole vyangu. Nyuma yetu mtu mmoja alitukana polepole. Refa alinisogelea akaniuliza kama naweza kuendelea, nami nilimwambia siwezi, nikatembea kuelekea kwenye kamba. Bwana Hodge alinifuata akinong'ona, kwa sababu ya wake za wakubwa. "Dakika nne, Mack. Dakika nne tu!"

Wakamweka mahali pangu kijana wa mstari wa tatu, wa nyuma ya skramu, shupavu lakini hakuwahi kuingiza kichwa mbele. Tommy alimtazama, kisha akawaambia wenzake kwa sauti ambayo sote tuliisikia: "Hakuna kusukuma. Tunasimama, tunarudi nyuma, tunawapa. Atakayesukuma nitamuuma." Wakafanya hivyo. Watu saba waliobaki wakatembea kinyumenyume kuvuka mstari wao wenyewe, na Sutton Coldfield wakauweka mpira chini nyuma yake, ndiko kufunga kwa raga, bila jasho. Tukafungwa. Wakubwa walikunja miavuli.

Baada ya mechi tulioga wote katika bafu moja kubwa, kama desturi, maji yakiwa yamegeuka rangi ya chai. Hakuna aliyekaa karibu nami. Kisha Tommy aliingia, taratibu, akaketi mkabala.

"Toka Novemba," alisema.

"Ndiyo."

"Ningekupasua pua. Lakini nikiinua mkono kupita bega naona nyota."

Nilidhani anatania. Watu wengine walikuwa wameanza kucheka. "Ni leo? Ulipoanguka?"

"Leo?" Alijimwagia maji usoni. "Msimu uliopita, bab. Asubuhi mke wangu hunifunga kamba za viatu. Mimi nagonga kuwauliza ninyi kama mko tayari. Nani anamuuliza huka?"

Kicheko kilikatika. Tulikaa pale mpaka maji yakapoa, na siwezi kuwaambia nani kati yetu alimkasirikia mwenzake zaidi.

Jumatatu hatukwenda kiwandani. Nilikuwa nimemweleza Wairimu yote, naye ametupangia nafasi hospitalini kwake, na alitusimamisha kwenye foleni kama watoto waliochelewa shule. Alimtazama Tommy kutoka juu hadi chini. "Ndiye wewe? Nilidhani ni mkubwa." Tommy akajinyoosha kwenye foleni.

Mimi nilitangulia. Daktari aliinua picha kwenye mwanga, akaniambia mkono unaweza kurudi, raga hairudi. Nilitazamia kuumia. Nilihisi tu kama mtu aliyeambiwa aondoke mahali ambapo alishasimama mlangoni. Kisha akachukua picha ya Tommy. Hiyo aliitazama kwa muda mrefu. Akaleta kiti karibu, akakaa, akauliza kwa upole ambao haukunipendeza kabisa, "Jumamosi hii una shughuli gani?"

Tommy akafungua mdomo. Nilimjua. Nilijua hata neno ambalo angeanza nalo.

"Hana mechi," nilisema.

Alinigeukia. Hakuwahi kunitazama vile, macho hayo aliyaweka kwa mapropu wa upande wa pili. Mimi sikushusha yangu. Wairimu alikuwa amesimama mlangoni. Mwishowe Tommy akafungua kifungo cha juu cha shati, akainamisha kichwa, daktari aweke vidole.

Bwana Hodge aliniacha nikamimina chuma kwa mkono mmoja na nusu hadi Pasaka, kisha nikaambiwa kazi imepungua. Nikaenda Cardiff, nikaenda Rotterdam, nikarudi Mombasa, na mengine mnayajua, maana nimewachosha nayo kwenye basi la timu. Tommy alibaki na umeme wake na hakuingia tena kwenye skramu. Huniandikia mara moja kwa mwaka. Katika barua ya mwezi uliopita anasema bado hajanisamehe lile la kumjibia daktari, kwamba alikuwa na misimu mitatu mizuri mbele yake, na kwamba juzi mabasi yaligoma akatembea kwa miguu kutoka Ladywood hadi kiwandani, mvua ikimnyea njia nzima, na nyayo zinamuuma kweli kweli.